Kipande cha Kucheka na Kipande cha Kulia

Kwetu tunasaga. Chumba cha mbele kina mashine ya nafaka, vyumba vya nyuma ndiko tunakolala, na ukuta ulio katikati haujawahi kuzuia chochote, si unga wala kelele. Mashine ikiwashwa asubuhi vikombe vinatetemeka kwenye rafu, na hakuna anayegeuka kutazama. Mgeni akija mara ya kwanza hutuonea huruma kwa kelele hizo. Akishazungumza nasi kidogo hujionea huruma mwenyewe, maana sisi sote tunasema kwa sauti ya mashine hata ikiwa imezimwa. Kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba. Majirani wanajua nani kwetu anaumwa jino na nani kamnunia nani, na hawajawahi kuuliza.

Mimi nilikuwa mtu wa mizani. Napima, nafunga midomo ya magunia, nagombana na wanaotaka kuruka foleni. Wateja waliniita Spika, kama ile ya redio, nami sikulikataa jina hilo kwa sababu lilikuwa langu kweli. Kazi niliipenda na bado naipenda, wala asije mtu akadhani nilikuwa nalia kwenye magunia. Unga ukitoka wa moto kwenye mashine una harufu ambayo sijaichoka mpaka leo.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja nilichokitaka ambacho hakikuwamo mle ndani. Nilitaka kuigiza katika kikundi cha ukumbi wa mji. Mwaka uliotangulia nilikwenda kwenye usaili wao na vipande viwili vya kulia. Nililia cha kwanza, nikalia cha pili, na nikiwa katikati ya machozi ya pili mwongozaji akasema, "Asante, inatosha." Nilirudi nyumbani nikanuna mpaka Mama akatishia kuninunulia nyumba yangu ya kununia.

Mwaka huu mwigizaji wao mmoja wa kike aliolewa akahamia mbali, na tangazo likabandikwa tena mlangoni pa ukumbi. Anatakiwa mwanamke mmoja. Kila atakayekuja aje na vipande viwili vya kusema peke yake, vifupi, vinavyotofautiana. Hilo neno la mwisho nililisoma kwa makini, kwa kuwa mwaka uliotangulia nililiruka.

Baba alipopata habari aliniita pale pale kwenye mashine. Baba hasikii vizuri, miaka ya kusaga imemla masikio, kwa hiyo akizungumza na wewe anazungumza na mtaa mzima.

"Mashine ya pili inakuja," alisema. "Nataka kuiweka kule sokoni, na wa kuisimamia ni wewe. Lakini nenda kwanza kwenye mambo yako hayo. Wakikuchukua, nitatafuta mtu mwingine. Wasipokuchukua, mwanangu, habari za kuigiza tuzifunge."

"Sawa, Baba," nikasema.

"Eti?"

"Nimesema sawa."

Foleni yote ikaitikia kwamba nimesema sawa. Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: nafasi moja, usaili mmoja, na baada ya hapo ama jukwaa ama mizani ya sokoni mpaka nizeeke. Nilielewa kwamba Baba alikuwa ametenda haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa kuwa sikupata hata wa kumlaumu.

Maktaba ya mji ina kitabu kinene cha vipande vya namna hiyo. Nilikiazima nikakileta nyumbani, nikafanya kosa la kukisoma wakati wa kula, mbele ya watu wote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Baba alitaka kipande cha hakimu anayemhukumu mwanawe mwenyewe, kwa sababu hakimu ni mtu wa heshima. Mama alitaka cha mjane anayezungumza na koti la marehemu mumewe. Shangazi alitaka cha mama wa bibi harusi anayewatolea wakwe uvivu, na hakukitaka tu, alisimama na mwiko mkononi akaanza kukisema kabla sijamaliza kukisoma.

Inafaa nieleze habari za Shangazi. Ni dada yake Baba. Alikuja kututembelea kwa wiki moja kabla sijazaliwa, na bado hajaondoka. Hana kazi maalumu pale mashineni ila kukaa kwenye kigoda karibu na mlango na kutoa maoni. Usiache mbachao kwa msala upitao, aliniambia siku tangazo lilipotoka, na tangu siku hiyo hakukosa zoezi hata moja.

"Wamesema vinavyotofautiana," nikawaambia. "Maana yake kimoja cha kulia na kimoja cha kucheka. Hakimu halii wala hachekeshi, Baba."

"Eti?"

"Hakimu hafai."

"Hakimu gani hafai? Mbona hakimu ni mtu mzuri tu."

Nilimwacha na hakimu wake. Kwa kipande cha kulia nikamchagua mjane wa Mama. Kwa kipande cha kucheka nikachagua cha mke ambaye mumewe ameuza kabati la nguo bila kuangalia ndani. Shangazi alinuna kwa sababu ya mama wa bibi harusi. Nikampoza kwa kumwambia atakuwa ananisaidia mazoezini, awe yule mume aliyeuza kabati, asimame mbele yangu akae kimya. Akakubali. Kukaa kimya hakuweza.

Tulifanya mazoezi mashineni, kwa sababu ndiko nilikokuwa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wateja walipanga foleni na magunia yao, mashine ikinguruma, mimi nikapanda juu ya jukwaa la mizani nikaanza kumkaripia Shangazi.

"Umeuza kabati. Sawa. Kabati ni mbao, na mbao zinauzwa. Lakini mume wangu, ulipolibeba hukuhisi uzito? Hukujiuliza kuna nini mle ndani? Nguo zangu zote zimo. Saa hizi kuna mwanamke mahali fulani amefungua kabati lake jipya akakuta maisha yangu yamekunjwa vizuri, ameyapanga kwa rangi, na gauni langu la ndoa linamtosha."

"Nilidhani ni mchwa," Shangazi akajibu, jambo ambalo halimo kitabuni.

Foleni ilivunjika mbavu. Nikashuka kwenye kabati nikaingia kwenye koti.

"Koti lako bado liko msumarini. Watu wananiambia niligawe. Jana nilifika nalo mpaka mlangoni, nikalirudisha. Mfukoni nilikuta peremende mbili. Moja nimeila. Nyingine nimekuachia."

Mama mmoja mwenye debe la mtama akajifuta macho. Shangazi alisema ni vumbi la unga, lakini mimi niliyaona machozi yale na kichwa kikanivimba. Siku zote zile wateja walicheka nilipotaka wacheke na kusikitika nilipotaka wasikitike. Wengine walikuwa wanakuja na nafaka kidogo kidogo ili wapate sababu ya kurudi. Nilianza kujiona niko jukwaani tayari, na hata Baba akaanza kuulizia mtu wa kusimamia mashine ya sokoni.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya usaili mkanda wa mashine ulipokatika.

Mkanda ukikatika hautoi taarifa. Unalia mara moja kama kofi, mota inazunguka bure, Baba anaizima, na chumba kinabaki kitupu kwa namna ambayo hata sisi wenyewe hutushtua. Mimi nilikuwa nimefika kwenye peremende. Nilikuwa na mkono kifuani, macho yametazama msumari usiokuwepo, na katika kimya kile nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikinguruma kwa nguvu zake zote: "Nyingine nimekuachia."

Mtoto mgongoni mwa mamaye akaanza kulia. Hakuna mtu mzima aliyelia. Mzee mmoja aliyekalia gunia lake akanitazama kwa upole.

"Mwanangu," alisema, "mbona unamgombeza hivyo? Kwani alikufa makusudi?"

Watu walicheka, nami nikacheka kidogo ili nisionekane nimeumia. Kisha nikawaambia wanisikilize tena, kipande cha kabati kwanza halafu cha koti, katika kimya hicho hicho. Nilisema vyote viwili. Nilipomaliza nilikuwa nimeshajua, lakini Shangazi alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri, na alipoyafumbua hakunionea haya.

"Nikifumba macho," alisema, "sijui nani kafa na nani kauza kabati."

Hapo nilinywea. Kumbe mwaka ule wa kwanza sikushindwa kwa sababu ya kulia mara mbili. Nilikuwa nimekwenda na sauti moja, na sasa nilikuwa najiandaa kwenda nayo tena, ila safari hii nimeivika nguo mbili. Ukumbi hauna mashine. Watu wale wangekaa katika kimya kama cha mkanda uliokatika, nami ningewangurumia mjane wangu mpaka waseme asante, inatosha.

Nikajaribu kupunguza. Kwa mtu aliyekulia nyumba nyingine jambo hilo labda ni dogo. Mimi nilipopunguza, mjane aliondoka kabisa. Sauti iliyobaki ilikuwa ya mtu anayeomba ruhusa kwenda msalani. Nikaongeza kidogo, mashine ikarudi. Nikapunguza tena. Na watu nao hawakuniacha. Kila mmoja alinielekeza namna ya kusema kwa sauti ya chini, na kila mmoja alinielekeza kwa kelele.

"Sema polepole," Baba akapiga ukelele akiwa chini ya mota na mkanda mpya.

"Polepole si sauti ya chini, Baba."

"Eti?"

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba kwenye magunia matupu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa naogopa. Nilijiambia kwamba mashine ya sokoni si msiba, kwamba wapo watu wangeomba kupata nusu yake. Yote hayo yalikuwa kweli na hayakunisaidia. Niliitaka ile nafasi. Niliitaka mpaka nikaona aibu.

Mama alinifuata. Akakaa kwenye gunia jingine na kupangusa unga kwenye nyusi zake. Ndani, Baba alijaribu mashine, ikakohoa, ikawaka, na kelele ikarudi mahali pake.

"Unajua nilimwambia wapi baba yako kwamba nina mimba yako?" aliniuliza, kwa sauti ya kawaida ya nyumba yetu.

"Wapi?"

"Mle ndani. Siku ya soko, foleni imefika barabarani. Sikuweza kungoja jioni."

"Basi mji mzima ulijua kabla yake."

"Hakuna aliyejua. Hebu fikiri. Kwetu tukiwa na neno la kweli, tunapiga kelele?"

Nikafikiri. Kelele kwetu ni za magunia, foleni, chumvi imekwisha, nani kaacha mlango wazi. Neno zito halipigiwi kelele, kwa kuwa mashine italimeza nusu, na nusu nyingine itaokotwa na foleni. Neno zito unalichukua mwenyewe. Unamfuata mtu alipo, unamshika bega ili ajue umefika, unaweka mdomo sikioni, unasema. Hivyo ndivyo Baba alivyoniambia bibi yangu amefariki. Hivyo ndivyo mimi nilivyomwambia Mama kwamba sitaki kuolewa na yule fundi baiskeli. Tunasema sikioni, na hata Baba asiyesikia kitu husikia.

"Mjane anazungumza na koti," Mama alisema, "na koti halina foleni."

Nikainuka. Baba alikuwa ameinama kwenye mdomo wa mashine akimimina mahindi. Nilimshika bega. Akainamisha kichwa bila kugeuka, kama kawaida, mikono ikiendelea na kazi. Nikamsemea sikioni kipande kizima, koti, msumari, watu wanaosema ligawiwe, mpaka peremende ya pili. Sikufikiria sauti. Nilikuwa natazama nywele nyeupe zilizoota sikioni mwake na kumwambia.

Mikono yake ilisimama. Mahindi yakaacha kumiminika, mashine ikaanza kulia kwa utupu, na Baba hawezi kuvumilia mashine ilie kwa utupu hata sekunde moja, lakini hakumimina. Akageuka akanitazama usoni.

"Nani kafa?" aliniuliza.

"Hakuna, Baba. Ni kile kipande."

"Koti la nani?"

"Si la mtu. Ni la kitabuni."

Alibaki ananitazama, kisha akapumua, kisha akakasirika kwamba nimemtisha, kisha akamimina mahindi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa vicheko vyote vya foleni. Siku ile na kesho yake sikufanya zoezi jingine lolote ila hilo. Nilimsemea Mama sikioni, nikamsemea Shangazi, nikamsemea yule mzee wa gunia, naye akaniambia sasa marehemu amesamehewa.

Siku ya usaili ilikuwa siku ya soko, Baba na Mama hawakuweza kuondoka. Shangazi akajitolea kunisindikiza. Alivaa kama anayekwenda kuposa. Tulichelewa kwa sababu alirudi mara mbili kubadilisha kilemba, na tulipofika orodha ilikuwa imeanza, nikawekwa mwisho. Kwenye baraza walikuwapo wanawake wengine wakinong'ona na kuta, kila mmoja na ukuta wake. Mmoja alikuwa mwalimu, alinieleza kwamba yeye ameleta malkia na mjakazi. Nikamsifu. Ndani nilijiuliza kama malkia na mjakazi wake walikuwa na sauti mbili au moja.

Nilipoitwa, Shangazi aliambiwa abaki mlangoni. Ukumbi ulinukia dawa ya kusafishia sakafu. Viti vilikuwa vimepangwa safu nyingi na vyote vitupu, isipokuwa viwili. Safu ya mbele alikaa mwongozaji, mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango, alikaa bwana mmoja mwenye penseli. Kazi yake, nilikuja kujua, ni kusema kama sauti imefika huko nyuma au haikufika. Kimya cha mle ndani kilikuwa kile kile nilichokiogopa, nilisikia hata viatu vyangu.

Nikaanza na kabati. Kabati halikunisumbua, nilimtazama mume wangu asiyekuwepo nikamshushia mashine nzima. Bwana wa penseli alicheka kwenye gauni la ndoa. Mwongozaji hakucheka, lakini alivaa miwani, na mwaka uliotangulia alikuwa ameivua.

"Cha pili," alisema.

Nikatulia. Nikamtafuta mjane mahali nilipomwacha, nikaanza kama ninavyosema sikioni. "Koti lako bado liko msumarini."

"Haifiki huku," bwana wa penseli alisema kutoka nyuma.

Nikaanza upya, nikaongeza. Neno la tatu tu nikaisikia mashine inawaka kooni mwangu. Nikanyamaza. Nikaanza mara ya tatu, chini, na bwana akasema tena, bila ubaya, "Haifiki." Mwongozaji alikuwa ameshika kamba ya miwani, na nilijua kinachofuata ni kuivua, na baada ya kuivua ni asante. Nilikuwa na neno zito na mtu wa kumwambia alikuwa amekaa mbali.

Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilishuka jukwaani. Nikaenda mpaka safu ya mbele, nikamshika mwongozaji bega, nikainama nikaweka mdomo sikioni mwake, nikamwambia habari za koti. Alishtuka kidogo, kisha akainamisha kichwa kama Baba. Nilimwambia lote. Nilimwambia kuhusu jana nilipofika nalo mlangoni. Nilipofika kwenye peremende ya pili nilisikia pumzi yake imesimama.

Nikainua kichwa, na hapo ndipo akili ikanirudia. Nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi nimemshika bega mwongozaji wa kikundi, kwenye usaili, kama niliyekuja kumwambia gunia lake liko tayari. Niliondoa mkono. Kwenye bega lake kulikuwa na alama hafifu ya unga, maana unga hautoki kwetu hata tukioga.

"Amesema nini?" bwana wa penseli aliuliza.

Mwongozaji alimwinulia mkono angoje. Alivua miwani. Nilidhani ndiyo basi, lakini aliifuta kwa ncha ya blauzi akaivaa tena, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Umefundishwa na nani kusema hivyo?" aliniuliza.

"Sikufundishwa. Kwetu tunasaga. Kuna kelele."

Akanionyesha jukwaa. "Panda tena," alisema. "Niambie vile vile. Sikioni, mimi peke yangu. Ila usishuke."

Nilitaka kumwambia kwamba jambo hilo haliwezekani, kwamba sikio liko hapa na jukwaa liko kule. Lakini nilikuwa nimekwisha kumshika bega mtu wa watu, na baada ya hapo mtu hana tena cha kuogopa. Nikapiga moyo konde nikapanda.

Nikalitazama sikio lake. Lilikuwa na hereni ndogo ya rangi ya fedha. Nikaacha kuutazama ukumbi, viti, mlango, nikaacha hata kumfikiria bwana wa penseli. Sijui nilifanya nini na sauti yangu, na nikiulizwa leo bado siwezi kueleza vizuri. Ninachojua ni kwamba sikuimwaga mle ndani kama ninavyomwaga kwenye foleni. Niliichukua nikaipeleka pale penye hereni, neno moja moja, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Koti. Msumari. Mlango. Peremende moja nimeila. Nikasimama hapo, kwa sababu mjane alihitaji kusimama. Nyingine nimekuachia.

Kimya kikakaa. Safari hii hakikuniogofya, nilikiona kama changu.

"Imefika," bwana wa penseli alisema kutoka nyuma, taratibu. Kisha akaongeza, "Imefika yote."

Mwongozaji aligeuka akamtazama, yule bwana akatikisa kichwa kukubali, na nilielewa kwamba walikuwa wanazungumza habari zangu bila kusema. Mwalimu na malkia wake na wale wengine wote walikuwa wameshapita. Baada yangu hapakuwa na mtu.

"Tunaanza Jumatatu," mwongozaji alisema. "Kila siku asubuhi. Kazi ni nyingi, na nitakusumbua sana, maana sauti yako moja imepikika na nyingine ndiyo kwanza imewekwa jikoni. Nafasi ni yako. Utaweza kuja?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo mwaka mzima, na mwaka mwingine kabla yake, na nilikuwa nimepanga jibu refu lenye shukrani na heshima. Halikutoka. Mimi, Spika, niliyewahi kumsimamisha mwizi wa gunia kwa kuita mara moja tu, nilisimama mbele ya watu wawili machozi yakinitiririka na sauti imenikauka kabisa. Nikatikisa kichwa, lakini nilikitikisa ovyo, hata mwenyewe sikujua kama nimesema ndiyo au hapana. Nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa.

"Ataweza," Shangazi akajibu kutoka mlangoni.

Alijibu kwa sauti ya mashine. Bwana wa penseli, aliyekuwa amekaa karibu naye, aliangusha penseli. Pazia la jukwaani sina hakika kama lilitikisika, lakini Shangazi mpaka leo anasema lilitikisika.

Mwongozaji aligeuka kitini akamtazama yule mwanamke mwenye kilemba aliyekuwa tayari ameshaingia ndani hatua kadhaa bila kukaribishwa.

"Na wewe mama umekuja kusailiwa?" aliuliza, nusu kwa utani.

Nilingoja Shangazi acheke, au aseme yeye ni msindikizaji tu. Hakucheka. Alinitazama mimi, akautazama ukumbi ule na viti vyake vyote, akarekebisha kilemba. Nilimjua tangu nizaliwe na sikuwa nimewahi kumwona akiona haya.

"Ninacho kimoja," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi ilinibidi niiname mbele ili niisikie. "Cha mama wa bibi harusi. Cha pili mtaningoja nikitafute?"